Maneno ya Nyuma ya Chupa

Kijana wa matangazo kapiga simu toka Dar:
"Mama, nyuma ya chupa pana nafasi ya maneno arobaini.
Tuandikie asili ya Kipande. Iwe fupi, iwe tamu,
na usisahau neno urithi."

Haya. Urithi:
mita sita za bomba la shaba.
Shamba la mkonge lilipofungwa, kule nyuma ya Pongwe,
baba alikuwa akidai mishahara ya miezi kumi na mmoja.
Zefania Mhina, fundi wa korona,
alirudi na bomba begani kama aliyebeba nyoka mfu,
akamwambia mama: ndiyo pensheni.

Mama hakulia. Alikwenda shambani
kuitazama mikonge iliyokwisha kutoa mlingoti.
Mkonge ukichanua umejifia, hata mbuzi hautazami.
Akachoma kisiki kwa kisu, akachovya kidole, akalamba.
Miaka hamsini watu walikata majani,
na sukari imekaa chini, kimya.

Tukachimba shimo, tukaoka visiki siku tatu,
mtaa mzima ukanukia sukari guru na kamba.
Pipa la kwanza lilikuwa dizeli tupu.
La pili alilivamia beberu wa mzee Shekigenda,
akalala relini hadi treni ya mizigo ikasimama kumpigia honi.

Jina lilitoka kwenye sanduku la babu:
kadi yake ya kipande, manamba,
visanduku thelathini, kimoja hakina muhuri.
Siku aliyozaliwa baba.

Chupa hatukuwa nazo. Bi Mwanatumu Chambo, jirani,
aliyekuwa zamu yake ya upatu wiki ile,
alizihesabu noti mara mbili:
"Editha, nakukopesha hela ya chupa.
Za kutia nini hukuniambia, nami sikukuuliza."
Akakaza ushungi, akaenda kuswali alasiri.

Askari walikuja mara nne.
Ya nne wakabeba lita ishirini, kielelezo.
Siku ya kesi hakimu akatazama dumu, akatazama hati:
"Hapa zimeandikwa ishirini. Mbona naona sita?"
Mahakama nzima ikakohoa.
Kesi ikafa. Jumamosi yake akaja mtu kwa baiskeli,
hana sare, ila viatu vilikuwa vile vile,
akataka mbili.
Hilo ndilo tangazo letu la kwanza, wala hatukulilipia.
Leseni tuliipata mwaka wa tisa.

Kijana anauliza pia kuhusu kikombe.
Kaona pichani: mama, kila mtambo ukianza kudondosha,
hukinga kikombe cha kwanza, hutoka nje, hukimwaga.
"Tuandike tambiko, mama. Wageni wanapenda tambiko."

Si tambiko.
Mwaka ule wa mwanzo hatukujua
kwamba mbele ya pombe hutangulia sumu,
nyepesi, ya harufu nzuri, yenye haraka kuliko mwenzake.
Mjomba Yonathani ndiye alikuwa muonjaji wetu.
Aliinywa ya mbele, akacheka, akalala,
asubuhi akauliza mbona hatujafungua dirisha.

Dirisha lilikuwa wazi.

Siku hizi hukaa kigodani, karibu na bomba lile lile,
ananusa, kiganja juu:
"Bado. Bado kidogo. Haya, kingeni."
Hajakosea hata mara moja.
Mshahara wake hutangulia wa kila mtu,
na mama, mpaka anakufa, hakuwahi kumtazama usoni
alipokuwa akimkabidhi.

Basi kijana, chukua kalamu:
Kikombe cha kwanza kimemwagwa.
Manne hayo. Thelathini na sita yaliyobaki
usiyatafutie urithi.
Acha karatasi tupu, laini.
Mjomba hupenda kuipapasa.